Talato Nikiema, Aliyetufundisha Kwenda Polepole

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu motoni, punguza moto kidogo, ukae. Kama uko njiani na redio iko mfukoni, simama kivulini. Ni mimi, Odile Bationo. Leo sina wimbo wa kufungulia. Nina jina tu.

Talato Nikiema.

Talato Nikiema alifariki Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, nyumbani kwa binti yake, hapa hapa Koudougou. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Narudia kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi: Talato Nikiema, muuza sumbala, kile kiungo chetu cha mchuzi, mwalimu wa pikipiki wa wanawake wa mji huu, hatunaye tena. Alizikwa siku ile ile, alasiri.

Wengi wenu mlimjua. Wengine wenu mnanisikiliza na pikipiki yenu imeegeshwa uani, na aliyewafundisha kuachia klachi kidogo kidogo ni yeye. Mimi pia alinifundisha yeye.

Tuanze mbali. Mwaka 1997 mumewe, Issouf Tapsoba, alikwenda Kodivaa kulima kakao. Alimwachia Talato mtoto mchanga na pikipiki ya samawati. Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba Issouf amefariki huko huko. Mwili haukurudi. Talato akabaki na mtoto, Zénabo, na ile pikipiki ambayo hakujua hata kuiwasha.

Shemeji zake walisema iuzwe. Talato akasema, "Mwenye pikipiki amekufa, lakini pikipiki ni nzima." Akaisukuma kwa mikono mpaka uwanja wa mnada wa ng'ombe, siku ambayo hakuna mnada, akajifunza peke yake. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Wiki ya kwanza alianguka mara kumi na moja. Alikuwa akinionyesha makovu kama mtu anayekuonyesha picha za harusi. "Hili ni la Jumatatu. Hili ni la Jumanne asubuhi. Hili la Jumanne mchana."

Lakini barabara kubwa hakuogopa. Barabara ya kwenda Réo alikuwa anaifyeka, kilemba kinapepea, ndoo ya sumbala imefungwa nyuma. Kasheshe ilikuwa sokoni, kwenye vichochoro, ambako unakwenda mwendo wa mbuzi. Huko ndiko alikoanguka.

Siku moja alikata kona kwenye safu ya wauza nyanya, polepole kabisa. Akaziona nyanya. Akashtuka, akakaza breki ya mbele huku usukani umepinda, na pikipiki ikalala chini kama punda aliyegoma. Yeye akaenda moja kwa moja ndani ya nyanya za Yaaba Poko. Bibi huyo alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu chake cha vitunguu. Hakupiga kelele. Alimtazama Talato aliyelala kwenye wekundu wote ule, akamuuliza:

"Mwanangu, umekuja kununua au kuoga?"

Soko zima lilicheka. Talato hakuinuka. Alikaa pale pale chini akiwaza. Barabara kubwa ninapaa na sianguki. Hapa natambaa na ninaanguka. Kwa nini? Halafu akasema kwa sauti, wakamsikia wote: "Nilitazama nyanya. Nimetazama nyanya, nikaenda kwenye nyanya."

Yaaba Poko akajibu, "Basi kesho tazama mlango wa kutokea."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo shule ya Talato ilipozaliwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2003, alikuwa na wanafunzi. Jumapili asubuhi, uwanja wa mnada, wauza vitambaa, wauguzi, walimu, mama wa nyumbani ambao waume zao walidhani wako kanisani. Hakumfundisha mtu kukimbia. Alisema, "Kukimbia utajifunza mwenyewe, hata mlevi anakimbia. Njoo uende polepole nikuone." Alipanga matofali kwa mstari, akatembea kwa miguu kando yako, na wewe na pikipiki yako hukuruhusiwa kumpita. Klachi nusu, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa upole, macho mbele, siyo kwenye gurudumu. Ukimpita, unarudi mwanzo. Na alikuwa anatembea kama bibi harusi!

Mimi nilikwenda kwake mwaka 2009. Nilianguka dakika ya kwanza. Nikakimbilia kuiinua pikipiki kabla watu hawajaniona.

"Usiinue!" akasema. "Kwanza niambie kwa nini umeanguka."

"Nimeumia goti, Mama Talato."

"Goti litapona. Kwa nini umeanguka?"

"Pikipiki imeteleza."

"Pikipiki haina kichwa, haiwezi kuamua kuteleza. Wewe ulifanya nini?"

Nikafikiri, nimelala na vumbi mdomoni. "Nimekaza breki ya mbele."

"Na usukani?"

"Ulikuwa umekata kushoto."

"Haya. Sasa umeanguka kwa faida. Geuka, ipe mgongo, shika kiti, sukuma kwa miguu. Siyo kwa kiuno, Odile! Kiuno kina kazi nyingine."

Wenzangu walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akasema, "Odile, redioni unaongea haraka, kumbe huku unaanguka taratibu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Ukianguka, huinui mpaka useme kwa nini. Alituaminisha kwamba kila anguko lina sababu, na ukiijua sababu, anguko lile halirudi. Tuliamini. Neno hilo tulilipeleka mpaka majumbani. Mchuzi ukiungua, tuliulizana kwa nini kabla ya kuosha chungu. Na kwa miaka mingi lilikuwa kweli.

Halafu likaacha kuwa kweli.

Mwaka 2016 Talato alianza kuangusha vitu. Kijiko. Kibuyu cha maji. Zénabo, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, anakumbuka hivi. Nanukuu maneno yake: "Mama alianza kutembea miguu imeachana, kama mtu aliye juu ya paa. Nikamwambia, Mama, unatembeaje? Akasema, viatu hivi. Akanunua viatu vingine. Ikawa vile vile."

Mnajua siku ya wanawake, Machi nane, tunavyoifanya hapa kwetu. Vitenge vipya, ngoma, kuku wa kuchoma, na yale mashindano ya pikipiki ya wanawake, ya mwendo wa polepole. Mistari ya chokaa, hatua thelathini, na mshindi ni anayefika wa mwisho bila kukanyaga chini. Mashindano yale yalikuwa ya Talato. Alishinda miaka saba. Watu walikuja kumwona akiwa karibu asimame kabisa, pikipiki inanguruma, haiendi, haianguki, na yeye anatabasamu kana kwamba yuko kwenye kiti cha nyumbani.

Machi nane, mwaka 2017, mtangazaji wa mashindano nilikuwa mimi. Nilikuwa na kipaza sauti. Nataka mkumbuke hilo. Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi.

Filimbi ikalia. Talato akaachia klachi. Hakufika hatua tatu. Hakuna kilichomgusa, wala jiwe, wala mchanga. Pikipiki iliyumba kulia, ikayumba kushoto, ikalala juu ya mguu wake. Uwanja ukanyamaza. Watu elfu moja na kimya. Mtangazaji, wasikilizaji wapendwa, anaogopa kimya kuliko kitu chochote. Nikatafuta neno la kukijaza. Nikasema kwenye kipaza sauti:

"Jamani! Mama Talato leo amekunywa nini?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Nikafurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kwamba wamecheka.

Talato alikuwa bado chini. Hakuinua pikipiki. Midomo yake ilikuwa inatembea, na nilijua anachofanya. Alikuwa anatafuta sababu. Waliomfuata walimwinua kabla hajaipata.

Lile neno halikuishia uwanjani. Kesho yake lilikuwa sokoni. Wiki ya pili lilikuwa msikitini. Mama Talato anakunywa. Anaficha dolo, pombe ya mtama, kwenye ndoo ya sumbala. Ndiyo maana anatembea vile, hata ulimi umeanza kuwa mzito. Na kaka yake Lassané si alikuwa hivyo hivyo? Lassané alikufa na miaka arobaini na tisa, akitembea kwa kushika kuta, na mtaani walimwita Lassané Dolo. Ukoo wa walevi, walisema.

Jumapili wanafunzi walikuwa kumi. Kisha wanne. Mama mmoja alimwambia usoni: "Shoga, siwezi kumpa binti yangu mwalimu anayeyumba." Kufikia mvua za mwaka ule, uwanja ulikuwa mtupu. Mimi nilikuwa na mpwa wangu aliyetaka kujifunza. Nilimpeleka kwa mwalimu mwingine. Nilimwambia Talato kwamba mpwa amebadili mawazo.

Yeye hakukoma. Aliamini anguko lina sababu. Basi kila asubuhi, kabla ya soko, alisukuma pikipiki mpaka uwanjani, akapanga matofali yake, akafanya mazoezi peke yake. Kama anaanguka zaidi, basi afanye mazoezi zaidi. Ndivyo alivyotufundisha sisi, na ndivyo alivyojifundisha mwenyewe.

Asubuhi moja nilipita pale nikielekea kazini. Nilitaka kupita tu. Akaniona.

"Odile! Njoo. Wewe una macho. Simama hapo uniangalie, uniambie ninakosea wapi."

Nikasimama. Akawasha. Macho mbele. Klachi nusu. Mguu kwenye breki. Akaanguka kwenye tofali la pili.

"Umeona?"

"Sikuona kosa, Mama."

"Hukuangalia vizuri. Angalia tena."

Akaiinua kwa mgongo, kwa miguu, kama alivyotufundisha. Ilimchukua muda mrefu. Akaenda tena. Akaanguka tena. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu.

"Labda mikono," akasema. "Ninaukaza usukani?"

"Hapana."

"Bega linashuka?"

"Hapana, Mama. Kwa kila kitu uko sawa."

"Ningekuwa sawa nisingekuwa chini! Angalia tena."

Alianguka mara sita mbele yangu. Mara ya sita hakuiinua. Alikaa kwenye vumbi, mkono juu ya tangi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Odile, na wewe unadhani ninakunywa?"

Nikasema, "La, Mama, nani kasema?"

Nani kasema. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nilikuwa nimechelewa kazini. Nikaenda.

Mwaka 2019 Zénabo alimpeleka hospitali kubwa Wagadugu. Daktari alimtaka atembee kwenye mstari, aguse pua yake, aguse kidole cha daktari. Hakuweza. Daktari akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa akitembea hivi.

 Zénabo anasema mama yake alijibu, "Kaka yangu. Na baba yetu kabla yake. Nilikuwa nawagombeza wainue miguu."

Daktari akaeleza. Ni ugonjwa wa ubongo, ile sehemu ya nyuma inayoshika mizani ya mwili. Inakufa kidogo kidogo. Unarithiwa kutoka kwa mzazi. Hauna dawa. Narudia, kwa sababu wengi waliniuliza msibani: siyo pombe, siyo kurogwa, siyo uzembe. Ni ugonjwa wa kurithi, na hauna dawa.

Talato akauliza, "Nikiongeza mazoezi?"

"Mama, mazoezi yatakusaidia kidogo kukaa na kutembea. Lakini kilichokwenda hakirudi."

"Kwa hiyo zile mara zote nilizoanguka, halikuwa kosa langu?"

"Halikuwa kosa lako hata kidogo."

Daktari alidhani amempa faraja. Zénabo anasema mama yake alitazama mikono yake mwenyewe, akasema, "Afadhali lingekuwa kosa. Kosa ningelirekebisha."

Walirudi Koudougou kwa basi. Hakugusa pikipiki tena. Mwaka 2020 aliacha kwenda sokoni. Akawa anatembea kwa kushika kuta, kama Lassané. Kisha akawa hatembei. Chakula alilishwa na Zénabo, sagbo, ugali wetu, laini, na mchuzi wa bamia, tonge dogo dogo, kwa sababu koo nalo lilikuwa linasahau kazi. Na ulimi ukazidi kuwa mzito, mpaka maneno yake yakawa kama ya mtu aliyelewa. Waliopita nje ya ukuta na kumsikia walitikisa vichwa. Bado anakunywa, walisema. Hata kitandani.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwa najua. Zénabo aliniambia habari za hospitali wiki ile ile waliyorudi. Nilikuwa na kipindi kila siku ya Mungu. Nilitangaza bei ya mtama. Nilitangaza ng'ombe waliopotea. Hili sikulitangaza. Niliogopa mtu ataniuliza neno lile lilianzia wapi.

Mwaka 2022 nilikwenda kwake. Nilibeba machungwa, kana kwamba machungwa yanasaidia. Alikuwa ameegemezwa kwa mito. Mwili ulikuwa umekwisha, lakini macho yalikuwa yale yale, yanakwenda mbele. Alinitambua. Zénabo akanipa kigoda.

Nikasema, "Mama Talato, lile neno la Machi nane. Mimi ndiye niliyelisema. Nilikufanya kichekesho cha watu. Wanafunzi wako waliondoka kwa sababu yangu. Nisamehe, Mama."

Akanitazama. Akaanza kusema. Ilikuwa sentensi ndefu, siyo neno moja. Kichwa kilikuwa kinatikisika kwa jinsi alivyojitahidi. Alipomaliza, sikuwa nimeshika hata kitu kimoja. Nikamgeukia Zénabo.

"Amesema nini?"

Zénabo akainama karibu na mdomo wake. "Mama, rudia."

Akarudia. Zénabo akatikisa kichwa. Akarudia mara ya tatu, jasho linamtoka, na mimi nimeshika mkono wake nikisema, "Ndiyo, Mama, ndiyo," kama mjinga, sijui ninakubali nini. Kisha akachoka. Akafumba macho. Akauinua mkono kidogo, ukaanguka. Labda alisema amenisamehe. Labda alisema niondoke. Labda alikuwa ananiambia kitu kingine kabisa, cha nyumba, cha mtoto. Nilikwenda tena mara tatu mwaka ule. Hakujaribu tena kusema, wala mimi sikuthubutu kuuliza.

Sijui alisema nini. Sitajua.

Kwa hiyo leo, kwa kipaza sauti hiki, nasema nilichopaswa kusema zamani. Talato Nikiema hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Kaka yake Lassané hakuwahi kuonja pombe, alikuwa mtu wa swala tano. Nasema tena: Talato hakunywa. Lassané hakunywa. Neno lile lilikuwa langu, lilikuwa la uongo, na nilikilipia kicheko cha dakika moja kwa maisha ya mtu mwingine.

Najua baadhi yenu mtaniandikia kwamba Mungu ni mwingi wa rehema, nijisamehe. Asanteni. Lakini naomba msiniandikie hivyo. Wala msidhani kwamba ningesema mapema angepona. Asingepona. Ugonjwa ungekwenda mwendo wake ule ule. Tofauti ni kwamba Jumapili asubuhi uwanjani pangekuwa na watu kumi wa kumshika mkono, badala ya matofali.

Kwa familia ya Nikiema, kwa familia ya Tapsoba, kwa watoto wa marehemu Lassané, redio hii inawapa pole. Kwa wanawake wote wa Jumapili, poleni. Kwako Zénabo, mwanangu, uliyemlisha na kumgeuza kitandani miaka minne bila kupumzika, sina maneno ya kukutosha. Mungu amlaze mama yako mahali pema.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini Zénabo amekuja hapa studio kabla ya kipindi. Ana miaka ishirini na saba. Anafundisha shule ya msingi, anakwenda kazini kwa pikipiki. Nilimpa kikombe cha chai, nikaona anakishika kwa mikono miwili. Nikataka kuuliza. Akaniwahi: "Shangazi Odile, usiniulize."

 Chai ikapoa. Kisha akasema Jumatatu anakwenda Wagadugu kupimwa, kwa daktari yule yule. Nikamwambia nitawaomba wasikilizaji wamwombee.

"Waombe wakitaka," akasema. "Lakini uwaambie na hili. Siku wakiniona barabarani ninayumba, wanipishe. Wasisimame kunitazama. Na wasiseme kitu."

Nimewaambia.